Mbona Picha ni Giza, Fundi?

Maswali ya wateja hubadilika kama mitindo ya nguo. Nilipoanza kutengeneza televisheni waliniuliza kwa nini picha inapanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi. Baadaye wakaja wakiuliza kwa nini watu wote kwenye skrini wana nyuso za kijani. Lakini miaka hii ya mwisho, kabla sijafunga duka langu la Matiliku, swali lilikuwa moja tu, asubuhi hadi jioni: "Mbona picha ni giza, fundi?" Nyinyi Faith na Mutuku, mliochukua meza yangu na vyombo vyangu, mtaulizwa swali hilo mpaka mlisikie ndotoni. Kwa hivyo nimeonelea niwaandikie niliyoyaona, tangu mwanzo, kwa sababu jibu lake refu lilinichukua maisha yangu yote ya kazi kulipata. Mambo ya faida na hasara sitayagusa. Hayo mtayajua wenyewe, na mengine mmeshaanza kuyajua.

Nilianzia Kitui mjini, kwa Mzee Adan. Familia yake ilitoka pande za Garissa zamani, na duka lake liliuza redio, tochi na nyaya, lakini kule nyuma alitengeneza chochote chenye waya. Siku ya kwanza mama alikuwa amenituma betri za redio. Nilimkuta Mzee Adan kichwa chake kimezama ndani ya televisheni, na mbele ya ile televisheni, juu ya stuli, kumesimamishwa kioo cha kujitazamia, kile cha wanawake. Nilisahau betri. Kuuliza si ujinga, nikamuuliza kioo ni cha nini.

"TV ina uso mbele na matumbo nyuma," akaniambia bila kutoa kichwa. "Mimi niko kwa matumbo. Uso nitaonaje? Njoo, shika hiyo kioo vizuri."

Nikashika. Alizungusha kitu kidogo kwa bisibisi huku akitazama kwenye kioo, na picha iliyokuwa imebanwa katikati ikafunguka taratibu mpaka ikajaa pembe zote nne. Nilifurahi mpaka nikapiga kelele. Kesho yake nikarudi, na kesho kutwa. Hakuna aliyeniajiri, na hakuna aliyenifukuza, ndiyo maana siwezi kuwaambia hasa kazi yangu ilianza lini.

Alinikataza jambo moja tu: nisiguse waya mnene wenye kikombe cha mpira nyuma ya ile chupa kubwa ya kioo inayotoa picha, hata kama TV imezimwa, hata kama imetolewa kwenye stima. Asiyesikia la mkuu mnajua humfika nini. Niligusa. Niliruka nikaangukia maboksi ya tochi, mkono mzima ukiimba. Mzee Adan alinitazama, akaona napumua, akasema, "Haya. Sasa mmejuana." Kisha akaninunulia soda.

Wateja walikuwa wakiingia, wananitazama, halafu wanatazama juu ya bega langu kumtafuta fundi. Mimi nilikuwa msichana mwenye sketi na mita ya kupimia stima mkononi, kwa hivyo lazima fundi awe mahali pengine. Mzee Adan alikuwa akiwaambia, "Huyo ndiye anajua. Mimi nauza tochi." Wengine waliondoka. Wengi walirudi, na wale waliorudi walianza kuniita Fundi Ndinda kabla hata sijajua kushika chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya bila kujiunguza.

Somo lake kubwa halikuhusu nyaya. Alisema ukiletewa TV, usikimbilie bisibisi. Muulize mwenyewe TV inakaa wapi pale nyumbani, imeelekea wapi, juu yake kumewekwa nini. Nilidhani ni uzee unaongea. Kumbe nusu ya magonjwa ya televisheni hayako ndani ya televisheni. Tuliwahi kuletewa moja yenye rangi za ajabu upande mmoja, tukaipima siku nzima bila kuona kitu, mpaka mama mwenyewe alipotuambia kwamba pale nyumbani inakaa bega kwa bega na spika kubwa ya mumewe. Sumaku ya spika ilikuwa inavuta rangi. Tulimwambia awatenganishe hao wawili, yeye akauliza kama ni spika na TV ama ni yeye na mume.

TV za siku hizo zilikuwa na mgongo mkubwa na uzito wa mbuzi aliyeshiba, nyingi zikiendeshwa kwa betri ya gari. Picha yake haikuwa safi, tuseme ukweli. Mawimbi ya Nairobi yalifika Kitui yakiwa yamechoka. Lakini waliotengeneza vipindi walijua hivyo, kwa hivyo walimulika kila kitu kama harusi. Hata mwizi akiingia nyumba ya watu usiku wa manane kwenye kipindi, ulimwona mpaka vifungo vya shati. Sisi watazamaji hatukuuliza mwanga unatoka wapi. Tulijua ni usiku kwa sababu mtu alisema ni usiku, na hiyo ilitutosha.

Mzee Adan alipozeeka na kwenda kukaa na watoto wake, mimi nilihamia Matiliku, huko Makueni, kwa kina mume wangu, nikafungua duka karibu na soko. Ndipo TV bapa zikaja. Mwanzo nilizichukia. Zilikuwa nyembamba hata hukuona pa kutia mkono, na kioo cha Mzee Adan kikabaki cha kujitazamia. Lakini nilijifunza. Mkiletewa TV bapa yenye sauti bila picha, zimeni taa, mulikeni skrini kwa tochi kutoka upande. Mkiona watu wanatembea mle ndani kama vivuli, picha iko hai, ni zile taa ndogo za nyuma zimekufa. Zilizo nyingi ni hivyo. Badilisheni mstari mzima wa taa, msibadilishe moja, la sivyo mteja atakuwa jamaa yenu wa kila mwezi.

Kisha malalamiko ya giza yakaanza. La kwanza lilikuwa la mwenye hoteli kule Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Alinipigia simu akasema TV yake imepata mtoto wa jicho. Nilienda na begi langu lote. Hoteli ilikuwa na jiko la kukaangia chapati mlemle ndani, TV iko juu ya jiko, na malori yakipita yanatupa vumbi hadi kwenye sukari. Nilipitisha kidole kwenye skrini, kikaacha njia kama jembe shambani. Nikaomba maji ya vuguvugu na kitambaa laini. Madereva waliokuwa wakila waliacha kula wakatazama, na nilipomaliza wakapiga makofi, kwa sababu walikuwa wameanza kuona mpira. Yule mwenye hoteli aliniuliza ulikuwa ugonjwa gani. Nikamwambia ilikuwa chapati.

Lakini TV nyingine hazikuwa na chapati wala taa mbovu. Zililetwa dukani, naziwasha, habari zinang'aa kama sufuria jipya, mpira kijani kibichi. Mteja ananitazama kwa aibu kama mgonjwa aliyepona akifika kwa daktari. Anasema, "Ngojea igizo lianze." Igizo linaanza, na kweli, tunaona giza lenye watu wawili wananong'ona. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini wahenga hawakuwahi kutazama maigizo ya siku hizi.

Aliyenifanya nilitafute jibu mpaka nilipate ni Mama Mwende.

Mama Mwende ni mkulima wa pojo na kunde, nyumba yake haiko mbali na soko letu. Mtoto wake wa pekee, Mwende, alisoma hadi chuo kikuu, halafu akamwambia mama kwamba kazi anayotaka ni kuigiza. Kanisani watu walimsikitikia Mama Mwende kana kwamba amefiwa. Mzee Mutisya, mzee wa kanisa, mtu mwema lakini mdomo wake haujui breki, alisema mbele ya watu kwamba kumsomesha mtoto hivyo halafu anaenda kucheza ni kama kulima shamba na kupanda mawe. Mama Mwende alimtetea mtoto wake kwa miaka bila yeye mwenyewe kuelewa anatetea nini. Mwende akawa anapata vijisehemu vidogo Nairobi, ambavyo havikufika kwenye TV yoyote ya Matiliku. Mwishowe akapata nafasi ya maana katika igizo jipya la Jumapili saa tisa alasiri. Alimtumia mama yake TV mpya, na Mama Mwende akaalika kanisa zima.

Mimi sikuwepo siku hiyo ya kwanza, nilikuwa na mkutano wa chama chetu cha akiba. Niliyasikia Jumatatu, wakati boda boda iliposimama dukani na Mama Mwende akashuka, TV imefungwa kwa blanketi, ameikumbatia kama mtoto mwenye homa.

"Fundi, wameuzia mtoto wangu TV mbaya," akasema. "Jana watu wamejaa nyumba, wengine wamekaa mpaka nje. Tukaskia sauti ya Mwende, lakini kumuona, hakuna. Ni nyeusi tu. Unajua Mutisya alisema nini akitoka? Akasema, 'Sauti ni yake kabisa.'"

Alisema kwa kucheka, lakini nilimwona akishika ukingo wa meza. Nikawasha TV. Habari safi, matangazo safi. Haikuwa na ugonjwa.

"Basi ni macho yangu," akasema polepole.

"Macho ya kanisa zima, Mama Mwende?"

Tulimpigia Mwende simu, tukaiweka kwenye spika.

"Aunty, ni director alitaka hivyo," Mwende akasema. "Hapo nimejificha kwa nyumba haina stima, niko na mshumaa tu. Anasema lazima ikae real. Na wenye wanamalizia picha wako kwa room imepakwa black kila mahali, na screen moja bei yake ni kama ya gari. Huko inaonekana vizuri sana. Mpaka machozi unaona."

Nikakaa. Nilikuwa nimetafuta ugonjwa ndani ya TV za watu miaka hiyo yote, na kumbe igizo lilipikwa kwenye chumba cheusi, kwa watu wa chumba cheusi. Kamera za sasa zinaona kwa mshumaa, kwa hivyo hawamuliki tena kama harusi. Likitoka huko linabanwa ili lipite hewani pamoja na stesheni nyingine zote, na linapobanwa, cha kwanza kupotea ni yale yaliyomo gizani, yanabaki mabonge kama uji ulioungua. Likifika, TV zetu za bei nafuu hazina nguvu ya kulifungua. Halafu linaingia nyumba ya mabati Matiliku, saa tisa, jua la Makueni likiwa limeketi sebuleni kama mgeni mwalikwa. Kioo cha TV bapa kinang'aa, kwa hivyo unachokiona ni dirisha lako na kichwa chako mwenyewe.

"Mama," Mwende akasema, na sauti yake ilibadilika. "Jaribu uone hii ya Jumapili inakuja. Ndiyo ya mwisho yangu. Wananiua."

"Wanakuua?"

"Kwa story, Mama. Na hawarudii. Na ndiyo scene nilifanya vizuri kuliko zote."

Simu ilipokatika Mama Mwende alilikunja lile blanketi la TV. Kisha akaniambia, na hakuwa anacheka tena, "Ndinda, nimepigania hiyo kazi na sijawahi kuiona. Nataka niione mara moja. Hata kama wanamuua."

Nililia kidogo, siwafichi, nikasingizia moshi wa risasi.

Basi tukafanya kazi. Haya yasikilizeni kwa sababu mtayahitaji. TV mpya nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimewekwa kubana matumizi ya stima, na hiyo peke yake inapunguza mwanga. Nikaiondoa hali hiyo. Picha ilikuwa imewekwa hali ya sinema, ambayo ni nzuri kama una jumba la sinema. Nikaweka ya kawaida. Nikapandisha taa ya nyuma hadi mwisho, kisha nikainua sehemu za giza kidogo kidogo, kwa sababu ukizidisha weusi unakuwa majivu. Ilisaidia, lakini haikutosha. Nikamuuliza swali la Mzee Adan: TV inakaa wapi? Akasema imeelekea mlango, ili anayepita aione.

"Jumapili tutageuza TV," nikasema, "tutafunika madirisha, na tutafunga mlango."

Mama Mwende aliniangalia kama nimesema avue nguo sokoni. "Nifunge mlango mchana? Na niko na watu ndani?"

Nyinyi mnajua kwetu ni nini. Mlango uliofungwa mchana, na sauti za watu ndani, maana yake unakula nyama peke yako, ama kuna ugomvi, ama kuna maiti. Mama Mwende alikuwa hajafunga mlango wake mchana tangu aolewe. Alisema afadhali amkose Mwende kuliko aonekane anawafungia watu. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana: wote waalikwe upya, waingie mapema, chai inywewe kwanza, na kanisani itangazwe wazi kwamba mlango utafungwa, na sababu yake, ili asiwepo wa kupita akiuliza ni nyama gani inayoliwa humo.

Mzee Mutisya ndiye aliyetangaza. Alisema, "Leo kwa Mama Mwende tutaingia gizani ili tupate kuona," na kanisa likasema amina, ingawa sidhani walielewa.

Jumapili hiyo tulitundika mablanketi madirishani na kuziba upenyo wa juu ya ukuta kwa magunia ya kunde. Nyumba ilijaa. Watu walikaa kwenye viti, kwenye sanduku, chini, wengine mapajani mwa wengine. Mzee Mutisya alijipatia kiti cha mbele. Chai iliyobaki ikafunikwa. Mama Mwende alisimama mlangoni muda mrefu akiitazama barabara, kama anayeiomba radhi, kisha akasukuma mlango. Joto lilikuwa la tanuri. Tulinuka kunde na sabuni ya Jumapili. Mtu akacheka gizani, na wote wakacheka.

Igizo likaanza, na tukaona. Tuliona ukuta wenye nyufa, tukaona mshumaa, na nyuma ya mshumaa tukamwona Mwende. Alikuwa ameketi chini, magoti kifuani, akisikiliza hatua za watu nje. Hakusema neno. Uso wake ulianza kuogopa, kisha ukakataa kuogopa, kisha chozi likatoka na yeye akalifuta haraka kama mtu anayeona haya mbele ya mshumaa. Mzee Mutisya alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Mtoto, toka hapo," akanong'ona. "Wanakuja. Toka, wakwa, mwanangu." Mimi nilikuwa nimeona nyuso elfu kwenye skrini katika kazi yangu, nikizitazama ili nijue kama rangi iko sawa. Ule niliutazama bila kukumbuka rangi.

Mama Mwende aliinuka. "Ni yeye," akasema. Kisha kwa sauti kubwa, "Ni yeye! Ni Mwende wangu! Aiya, muoneni!"

Na furaha ilipomjaa akafanya alichofanya maisha yake yote akiwa na kitu kizuri ndani ya nyumba. Alikimbia akafungua mlango, pande zote mbili, mpaka ukutani, akatoka kizingitini akawaita waliokuwa wakipita barabarani. "Kujeni! Kujeni muone! Mtoto wangu yuko kazini!"

Jua likaingia lote kwa mara moja. Skrini ikawa nyeusi kama sufuria la githeri. Tukapiga kelele, "Mlango! Mlango!" na ndani ya kelele hizo tukasikia mshindo, ukelele wa Mwende, kisha muziki wa huzuni. Wamemuua, na hatukuona hata kidogo. Mzee Mutisya alikuwa amepanda juu ya kiti, akijaribu kuikinga TV kwa koti lake, machozi bado shavuni, akicheka hadi akashikwa na kikohozi.

Wanawake watatu waliokuwa wakitoka sokoni waliingia na vikapu vyao, wakapenya hadi mbele, wakainama kuitazama ile skrini nyeusi.

"Lakini hatuoni kitu, Mama Mwende," mmoja akasema.

"Mimi nimeona," akasema Mama Mwende. "Kaeni chini, chai iko."